Siku saba Malta, jiwe baada ya jiwe

Unguja peke yake inaizidi Malta kwa ukubwa karibu mara tano. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, na visiwa vyake vyenye watu ni vitatu: Malta yenyewe, Gozo, na Comino ambako wakazi wa kudumu ni wachache mno. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 519,562, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa mgeni, wengi wao waliofuata kazi. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, hakuna ziwa, hakuna msitu wa kutajika. Kuna jiwe la chokaa na kuna bahari, na karibu kila Wamalta walichojenga na walichopigania kimetokana na viwili hivyo. Wageni wengi huja kuogelea wakaondoka bila kulitazama jiwe, na hiyo ni hasara kubwa.

Ratiba hii ni ya wiki ya mwisho ya Septemba. Joto la Agosti limepungua, maji ya bahari bado ni nyuzi 25 hivi, na samaki wa msimu wameanza kufika sokoni. Inaanza Jumatano kwa sababu maalumu: kanisa kuu la Valletta, mji mkuu, halipokei watalii Jumapili, na soko la samaki la Marsaxlokk ni la Jumapili. Ukianza siku nyingine, panga upya lakini zingatia hayo mawili.

Kabla ya kuondoka

Malta imo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, tangu Desemba 2007, hivyo Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji visa ya Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe hai miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka. Bima ya safari igharimie matibabu kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, na itambulike katika nchi zote za Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, hairudishwi hata visa ikikataliwa.

Kosa linalowaponza wengi ni kuchukua visa ya kuingia mara moja, kisha kupanga siku mbili za London au Istanbul katikati ya safari. Ukishatoka Schengen, visa hiyo imekwisha kazi hata kama tarehe zake bado zinasoma. Kwenda Sisilia kwa kivuko na kurudi hakuna shida, kwa kuwa ni Schengen ileile. Kivuko hicho huenda Pozzallo kwa muda usiofika saa mbili.

Njia za kawaida za ndege kutoka Afrika Mashariki ni kupitia Istanbul, au Dubai kwa ndege inayotua Larnaca kabla ya kufika Malta. Hii ya pili inawafaa sana walioko Ghuba.

Kuna tiketi moja ya kununua hata kabla ya hoteli: ya Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi utakayoyakuta Jumamosi. Wanaingia watu 10 tu kwa kila kundi, makundi machache kwa siku, na nafasi huisha wiki nyingi mapema. Ukikosa, tiketi chache za dakika za mwisho huuzwa kwa bei ya juu zaidi, lakini usiitegemee njia hiyo.

Jumatano: kufika

Uwanja wa ndege ni mmoja, Luqa, na kutoka hapo hadi lango la Valletta ni kama nusu saa kwa basi la X4. Asiye na kadi ya usafiri hulipa euro 2.50 majira ya joto na euro 2 majira ya baridi, na tiketi hiyo inakubali kubadilisha mabasi ndani ya saa mbili. Wakazi wenye kadi yao ya usafiri hupanda bure tangu Oktoba 2022, na hiyo ni sababu mojawapo ya mabasi kujaa. Basi haliwezi kusimama bila kuombwa: nyoosha mkono mapema, dereva akuone. Likiandikwa mbele kwamba limejaa, litapita hata ukipunga mikono yote miwili. Asubuhi na jioni, afadhali utembee hadi kituo cha mwanzo kuliko kusubiri katikati ya njia.

Magari hupita kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni zile za pini tatu bapa zinazotumika Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo plagi zako zitaingia bila adapta. Yote mawili ni mabaki ya utawala wa Waingereza, waliokuwepo kuanzia 1800 hadi uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, na karibu kila mtu utakayemuuliza njia atakujibu kwa Kiingereza.

Hata hivyo majina ya vituo yameandikwa kwa Kimalta, nayo yanataka kujulikana au utapitishwa. Herufi x husomwa sh: Xlendi ni Shlendi, Marsaxlokk ni Marsashlok. Ġ yenye nukta ni j, ċ yenye nukta ni ch, na ħ iliyokatwa ni h nzito ya kooni. Q ni sauti inayokatwa ghafla kooni. Għ mara nyingi haisikiki kabisa. Kimalta ni lugha ya jamii ya Kiarabu iliyopokea maneno mengi ya Kiitalia, hivyo mtu akikutajia basi namba sitta au sebgħa hutahitaji mkalimani.

Kuhusu malazi, Sliema na St Julian's zina hoteli nyingi, na kelele nyingi usiku. Valletta, na Birgu iliyo ng'ambo ya bandari yake, ni ghali kidogo kwa vyumba vizuri, lakini jioni watalii wakishaondoka unabaki na wenyeji. Pendekezo ni Birgu. Maji ya bomba ni salama, ingawa yana ladha ya chumvi kwa mbali: zaidi ya nusu hutoka baharini, yakisukumwa kwa nguvu kwenye chujio za kuondolea chumvi, na yanayobaki huvutwa kutoka tabaka la maji lililo chini ya mwamba.

Alhamisi: Valletta na ng'ambo ya bandari

Anza mapema kwenye chemchemi ya Triton, palipo stendi kuu ya mabasi, uvuke daraja kuingia mjini. Mji mkuu huu una urefu wa kilomita moja tu na upana usiofika hata hapo. Ulianzishwa tarehe 28 Machi 1566, na ili kuuelewa inabidi kurudi mwaka mmoja nyuma.

Visiwa hivi vilikuwa mikononi mwa Shirika la Mtakatifu Yohane, watawa wapiganaji kutoka familia za kifahari za Ulaya. Mfalme Karoli wa Tano aliwapa Malta mwaka 1530 kwa kodi ya mwewe mmoja kwa mwaka. Mei 1565 jeshi la Waosmani lilitua. Ngome ya St Elmo, iliyo kwenye ncha ya rasi ambako baadaye Valletta ilijengwa, ilisimama karibu mwezi mzima kabla ya kuanguka tarehe 23 Juni, na siku zile zilizopotea hapo ndizo zilizowaokoa waliokuwa ng'ambo, Birgu. Kuzingirwa kukaisha tarehe 8 Septemba. Mpaka leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa, na mashindano ya makasia hufanyika bandarini. Mkuu wa Shirika, Jean Parisot de Valette, ndiye aliyeamua kujenga mji mpya wenye ngome juu ya ile rasi tupu, na mji ukachukua jina lake.

Mhandisi Francesco Laparelli, aliyetumwa na Papa, alipanga barabara zilizonyooka, zikikatana kwa pembe mraba ili upepo wa bahari upite. Kwa kuwa hapakuwa na chemchemi ya kutosha, kila nyumba ilitakiwa kuchimba kisima cha kukusanyia maji ya mvua chini yake. Mawe yaliyotoka shimoni yalisaidia kujenga nyumba iliyo juu. Hata hivyo maji hayakutosha, na mwaka 1615 ukakamilika mfereji wa Alof de Wignacourt ulioleta maji kutoka nyanda za Rabat. Matao yake bado utayaona ukipita Santa Venera kwa basi.

Sasa litazame lenyewe jiwe. Lile la rangi ya asali linaitwa franka. Likichimbwa ni laini, hukatwa kwa msumeno na kuchongwa nakshi kwa urahisi, kisha hukaza likishakaa hewani, kama yanavyofanya matumbawe ya nyumba za kale za Lamu. Hata hivyo si tabaka zote ni sawa. Ukipita upande unaopigwa na upepo wa bahari utaona baadhi ya vitalu vimeliwa na kuwa na mashimo, ilhali jirani yake ni kizima. Chumvi huingia na unyevu, maji yakikauka inageuka punje ndani ya vinyweleo vya jiwe, na punje zikikua zinalisaga kuwa unga. Fundi mzuri hulijua tabaka bovu kabla ya kulinunua. Fundi wa haraka huiacha nyumba ikamfichue baada ya miaka.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane lilijengwa kati ya 1573 na 1578 na Girolamo Cassar. Nje ni kavu kama ghala. Ndani, dari yote ilichorwa na Mattia Preti na sakafu ni mabamba ya marumaru ya makaburi yapatayo 400, kila moja na nembo yake. Viatu vyenye visigino vyembamba havikubaliwi kwa sababu vinatoboa marumaru, na mabega yafunikwe. Tenga saa moja na nusu, na nusu yake iwe kwenye chumba cha mchoro wa Caravaggio wa kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, wa mwaka 1608. Una upana wa zaidi ya mita tano, na ndio mchoro pekee wa Caravaggio wenye saini yake, iliyoandikwa katika damu inayomwagika shingoni. Mwaka huohuo alipewa heshima ya kuwa mwanashirika, akafungwa kwa ugomvi, akatoroka, na Shirika likamfukuza kwa mkutano uliofanyika mbele ya mchoro huohuo.

Ukitoka, mkabala na mahakama kuna sanamu ya kumbukumbu ya 1565. Chini yake watu wamekuwa wakiweka mishumaa, maua na picha za mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia, aliyeuawa kwa bomu lililotegwa garini mwake tarehe 16 Oktoba 2017 baada ya miaka mingi ya kufichua rushwa. Maandamano ya mwishoni mwa 2019 kuhusu kesi hiyo yalimfanya waziri mkuu Joseph Muscat aachie madaraka Januari 2020. Simama hapo kidogo. Wamalta wengi wana msimamo mkali juu ya jambo hili, na pande hazifanani. Sikiliza kabla ya kutoa maoni.

Saa sita kamili mchana mizinga hupigwa chini ya bustani ya Upper Barrakka, na tena saa kumi jioni. Fika dakika 20 kabla kama unataka nafasi kwenye ukuta. Kisha shuka kwa lifti ya mita 58; nauli ya kupanda ni euro 1 na kushuka hakulipiwi. Chini yake ndipo kivuko cha kwenda Miji Mitatu (Birgu na jirani zake wawili, Senglea na Cospicua) kinapofunga, na pembeni kuna mitumbwi ya mbao inayoitwa dgħajsa, inayovusha abiria wachache kwa euro mbili hivi. Bahari ikiwa shwari, mtumbwi ndio mzuri zaidi.

Birgu ndipo Shirika lilipokaa kabla ya Valletta kuwepo. Ngome ya St Angelo inastahili saa mbili, na Kasri la Mahakimu wa Dini saa moja. Jambo moja halisemwi vya kutosha na waongozaji: uchumi huu wa watawa ulitegemea watumwa. Waislamu waliotekwa baharini walipiga makasia ya merikebu, wakajenga kuta, wakauzwa. Mwaka 1749 watumwa walipanga njama ya kumuua Mkuu wa Shirika, Pinto. Ikavuja, na wengi wakanyongwa.

Ijumaa: Mdina, Rabat na Mosta

Mabasi ya 51, 52 na 53 kutoka Valletta hufika Rabat. Mdina, mji mkuu wa zamani, uko hatua chache tu, ndani ya kuta, na wakazi wake hawafiki 300. Mchana umejaa makundi ya watalii. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Kanisa kuu lake, kazi ya Lorenzo Gafà, lilijengwa upya baada ya tetemeko la 1693.

Nje ya kuta, Rabat ina makatakombe, yaani makaburi ya chini ya ardhi, ya Mtakatifu Paulo. Tafuta zile meza za duara zilizochongwa mwambani, ambako jamaa za marehemu walikula pamoja. Msomaji wa Biblia ataikumbuka Melita ya Matendo ya Mitume sura ya 28: ni hapa hapa. Kuvunjika kwa jahazi la Paulo huadhimishwa tarehe 10 Februari, na ni sikukuu ya umma.

Pastizzi ni chakula cha kusimama: maandazi ya tabaka nyembamba yaliyojazwa jibini laini au njegere zilizopondwa, bei chini ya euro moja. Mwislamu aulize kwanza, kwani unga wake kwa desturi hupakwa mafuta ya nguruwe.

Wakati wa kurudi shuka Mosta. Tarehe 9 Aprili 1942 bomu la Wajerumani lilitoboa kuba ya kanisa hili wakati watu kama 300 wakisubiri misa, likabingirika sakafuni bila kulipuka. Siku sita baadaye Mfalme wa Uingereza alivitunuku visiwa vyote Msalaba wa George, ule ulio kwenye kona ya bendera ya Malta.

Jumamosi: mawe ya kale

Hypogeum iko Paola, katikati ya nyumba za kawaida, na ukichelewa hata dakika chache mlango umefungwa na pesa zimekwenda. Watoto chini ya miaka 6 hawaingii. Mikoba na simu hubaki kwenye makabati. Kupiga picha ni marufuku. Idadi ndogo ya watu si ubahili: pumzi zetu zina unyevu na hewa ya ukaa, na hivyo viwili hufuta rangi nyekundu iliyochorwa kwenye dari miaka elfu tano iliyopita. Mafundi waliokuwa wakichimba visima vya nyumba ndio waliopatoboa mwaka 1902. Wamekuta tabaka tatu za vyumba vilivyochongwa mwambani bila chuma chochote, vyenye mihimili ya kuigiza na milango ya kuigiza, na mabaki ya watu wanaokadiriwa kufika 7,000. Sanamu ndogo ya mwanamke aliyelala, iliyopatikana humo, iko Makumbusho ya Akiolojia Valletta.

Mwislamu anayetafuta mahali pa kuswali ana msikiti wa Mariam Al-Batool huko huko Paola.

Alasiri panda 74 hadi Ħaġar Qim, kwenye ukingo wa kusini. Hekalu hili na jirani yake Mnajdra, mita 500 chini ya mteremko, yalijengwa kabla ya piramidi za Giza kwa karibu miaka elfu moja. Yalinganishe kwa makini. Ħaġar Qim limejengwa lote kwa franka, ndiyo maana mawe yake yameliwa na upepo. Wajenzi wa Mnajdra walitumia jiwe gumu la kijivu kwa ukuta wa nje na laini kwa ndani, na kuta zake zimesimama vizuri zaidi. Tangu 2009 yote mawili yamefunikwa kwa mahema makubwa ili kuzuia mvua na jua. Siku za usiku na mchana kulingana, Machi na Septemba, mwanga wa jua linapochomoza huingia moja kwa moja kwenye mlango mkuu wa Mnajdra. Kuushuhudia asubuhi hiyo ni kwa tiketi maalumu.

Beba maji, kofia na viatu vya soli ya kushika. Jiwe lililosuguliwa na nyayo huteleza vibaya likiwa kavu, na zaidi baada ya manyunyu ya kwanza ya vuli, yanapochanganyika na vumbi la miezi mitano.

Jumapili: Marsaxlokk na watu wenyewe

Mabasi 81 na 85 huenda Marsaxlokk. Fika saa mbili asubuhi. Saa tano samaki wazuri wamekwisha na kilichobaki ni vitambaa vya meza na vikumbusho. Septemba ulizia lampuki, yule ambaye wavuvi wetu humwita faulusi. Msimu wake hufunguliwa katikati ya Agosti na huenda hadi Desemba. Wavuvi hukata makuti ya mitende, huyafunga juu ya maboya na kuyatia nanga kwa vitalu vya jiwe la chokaa. Samaki hawa hupenda kivuli, hukusanyika chini ya makuti, na nyavu huwazunguka. Nyumbani hupikwa kwa nyanya, zeituni na vitunguu, au huokwa ndani ya pai pamoja na mchicha na koliflawa. Kitoweo cha taifa lakini ni sungura, aliyechemshwa taratibu kwa mvinyo na kitunguu saumu.

Madirisha ya mbao yaliyotokeza juu ya barabara, milango yenye vigongo vya shaba, na jina la nyumba lililoandikwa pembeni: ndivyo utakavyowatambua Wamalta kabla ya kuzungumza nao. Majina ya ukoo ni machache, Borg, Camilleri, Vella, Farrugia na Zammit yakiwa miongoni mwa yaliyoenea zaidi, kwa hiyo familia za kijijini hujulikana kwa lakabu. Kila kijiji kina bendi ya tarumbeta yenye jengo lake, na mara nyingi bendi mbili zisizopatana. Kuanzia Juni hadi Septemba kila parokia husherehekea mtakatifu wake: barabara hutandazwa mabango, sanamu hubebwa mabegani, na fataki hupigwa hata asubuhi. Fataki hizo hutengenezwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea, na milipuko kwenye vibanda vya kutengenezea imeua watu wengi. Hakuna anayefikiria kuacha.

Ukatoliki ni mzito, lakini nchi inabadilika haraka. Talaka ilikuwa haramu hadi kura ya maoni ya Mei 2011. Siasa ni ya vyama viwili, Labour na Nationalist, na kwa miongo mingi zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walijitokeza, kiwango ambacho nchi chache duniani zisizolazimisha watu kupiga kura zimekifikia.

Mswahili mweusi ajue na jambo gumu pia. Tangu 2002 boti za wahamiaji kutoka Libya zimekuwa zikiletwa hapa, na si kila mtu amelipokea vizuri. Mwaka 2019 mfanyakazi kutoka Kodivaa alipigwa risasi na kufa barabarani Ħal Far, na wanajeshi wawili walishtakiwa. Mtalii kwa kawaida hupokewa kwa ukarimu, ila tembea na nakala ya pasipoti na ukurasa wa visa. Ukiulizwa, mambo yanaisha palepale.

Jumatatu na Jumanne: Gozo

Basi 41 au 42 kutoka Valletta hadi Ċirkewwa huchukua saa moja na robo au zaidi. Kivuko huvuka kwa dakika 25, mchana na usiku. Wakati wa kwenda hakuna anayekudai tiketi. Unalipa euro 4.65 unaporudi, bandarini Mġarr. Ipo pia boti ya kasi kutoka Valletta moja kwa moja, dakika 45, lakini ndiyo ya kwanza kusimama bahari ikichafuka. Upepo wa kaskazini-mashariki, grigal, unapovuma wakati wa baridi husimamisha hata kile kikubwa. Wengi huuona kuwa ndio uleule Eurakilo uliolichukua jahazi la Paulo.

Lala usiku mmoja. Wanaokuja kwa siku moja hutumia nusu ya siku yao foleni.

Mji wa Victoria, ambao wenyeji huuita Rabat, umekaa chini ya Cittadella. Julai 1551 Turgut Reis aliiteka ngome hii na kuchukua karibu watu wote wa Gozo utumwani, maelfu kwa maelfu. Baada ya hapo sheria iliwataka wakazi walale ndani ya kuta kila usiku, na haikufutwa hadi 1637. Tembea juu ya ukuta jioni uone jinsi kisiwa kizima kinavyoonekana kutoka hapo. Utaelewa kwa nini waliamini ungewalinda.

Hekalu la Ġgantija, kule Xagħra, ni la karibu mwaka 3600 kabla ya Kristo. Ukuta wake wa nje una zaidi ya mita sita kwenda juu, na baadhi ya mawe yana uzito wa zaidi ya tani 50. Hapa pia jiwe gumu liko nje na laini ndani.

Jumanne asubuhi nenda kwenye mashamba ya chumvi ya Xwejni, magharibi mwa Marsalforn. Ni vyungu vya mraba vilivyochongwa kwenye mwamba laini kandokando ya bahari. Maji huingizwa kwanza kwenye madimbwi makubwa yapashwe na jua, kisha huhamishiwa kwenye vyungu vidogo. Baada ya wiki moja hivi chumvi hukauka, hufagiliwa kwa ufagio laini, hukusanywa na kufunikwa. Kazi hufanyika Mei hadi Septemba. Mvua moja ya mapema huyeyusha wiki nzima ya jasho. Usikanyage kingo za vyungu, zinavunjika, na mchanga wa viatu huharibu chumvi ya kula.

Lile tao maarufu la Dwejra lililoonekana kwenye kadi zote halipo: lilianguka katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Wapiga mbizi hushuka kuona vipande vyake. Muogeleaji wa kawaida aangalie yavuyavu wa zambarau kabla ya kuingia majini. Upepo ukivuma kutoka baharini, wanasukumwa pwani. Wenyeji wakikaa juu ya mwamba bila kuingia, usiingie.

Kwa ndege ya usiku, ondoka Mġarr mapema alasiri. Kutoka Ċirkewwa basi X1 huenda uwanja wa ndege kwa kama saa moja na nusu, na foleni ya magari ya jioni huweza kuongeza nusu saa nyingine. Chumvi ya Xwejni hupita mkaguzi bila swali. Asali ya Gozo huhesabiwa kama kioevu, kwa hiyo chupa yoyote inayozidi mililita 100 iingie kwenye begi la chini.